Kipanga, Kilaza na Karatasi ya Ripoti

Mhadhara kwa wazazi na vijana wa Lawrence Heights, Toronto



Kabla ya mada, nina kisa. Mwezi uliopita nilikaribishwa chai kwa mama mmoja hapa hapa mtaani, kwenye moja ya yale majengo ya ghorofa chache ambayo bado hayajavunjwa. Mama yule ni mtu wa Uvira, Kongo. Kiswahili anacho, Kifaransa anacho, Kiingereza bado anakiokota. Kwa hiyo mkalimani wa nyumba ni mwanawe wa gredi ya 8: yeye husoma barua za benki, yeye husoma barua za kodi, na jioni ile akasoma ripoti yake mwenyewe. Alipofika kwenye hesabu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maman, wanasema mimi sina akili ya hesabu." Mama akaweka kikombe chini.

Nikaiomba ile karatasi nikaisoma. Alama ilikuwa 64 kwa 100, yaani daraja la 2, hatua moja chini ya daraja la 3 ambalo ndilo lengo la jimbo la Ontario. Chini yake mwalimu ameandika kwamba kijana mara nyingi anapata majibu sahihi ya sehemu, ila haonyeshi hatua za kazi yake, na ajizoeze kueleza njia aliyopita. Neno akili halikuwamo. Nilirudia mara mbili kulitafuta. Mtoto wa miaka 13 alikuwa amemsomea mama yake jambo alilokwisha kuliamini moyoni, akadhani limeandikwa.

Hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Mmeniuliza swali ambalo wazazi wote huuliza: je, mtoto anavyofanya shuleni akiwa mdogo ndivyo akili yake itakavyokuwa akiwa mtu mzima? Nitalijibu kwa kadiri ya ninayoyajua, na sitawafurahisha kwa maneno matamu.

Wengi wetu tulilelewa na jibu lililokwisha tolewa. Nilikosoma mimi, siku ya kufunga shule karatasi ya matokeo ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nasi tukasukumana kuitazama. Wa juu aliitwa kipanga. Wa chini aliitwa kilaza, na jina hilo lilimfuata hadi kisimani. Mwalimu mmoja alituketisha kwa nafasi zetu: vipanga mbele karibu na ubao, vilaza nyuma kwenye dirisha lisilo na kioo, ambako mvua ikinyesha madaftari yanalowa. Nilikaa nyuma mihula miwili. Bado nakumbuka kwamba kutoka pale nambari za desimali zilizoandikwa ubaoni hazikuonekana vizuri, na kwamba hakuna aliyeuliza kama tunaziona.

Sasa ukweli ambao mzazi hapendi kuusikia. Uhusiano upo. Anayewaambia kwamba alama za utotoni hazina maana yoyote anawadanganya, hata kama anafanya hivyo kwa huruma.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka Scotland. Tarehe 1 Juni 1932, karibu watoto wote wa nchi ile waliozaliwa mwaka 1921 waliketi siku moja kufanya mtihani mmoja wa kufikiri. Walikuwa watoto 87,498, wenye umri wa miaka 11 hivi. Karatasi zikahifadhiwa, watu wakazisahau. Miaka mingi baadaye watafiti wawili, Ian Deary na Lawrence Whalley, wakazirudia, wakawatafuta waliokuwa bado hai katika mji wa Aberdeen na viunga vyake. Mwaka 1998, miaka 66 baada ya mtihani ule, wazee walioitikia wito wakaketi tena kufanya mtihani ule ule, maswali yale yale, dakika zile zile. Fikirini bibi wa miaka 77 anarudishiwa karatasi aliyoijibu akiwa na nywele zilizosukwa.

Ilionekana kwamba aliyekuwa juu utotoni mara nyingi alikuwa juu uzeeni, na wa chini mara nyingi alikuwa chini. Uwiano ulikuwa kama 0.63. Kwa wasiopenda takwimu, maana yake ni hii: ukichukua tofauti zote za uwezo zilizokuwapo kati ya wazee wale, kiasi cha sehemu mbili kwa tano ungeweza kuzikisia kwa kuangalia tu mtihani wa miaka 11. Hiyo ni nyingi. Katika mambo ya binadamu ni vichache vinavyodumu hivyo kwa miaka 66. Lakini zimebaki sehemu tatu kwa tano. Ndani ya hizo tatu mna maradhi, vita, ndoa, kazi, vitabu, bahati, na miaka ambayo mtu alikaa shuleni au alinyimwa kukaa shuleni. Mzazi aliyekata tamaa huzitazama zile mbili. Mimi kazi yangu yote ya ualimu imekuwa kwenye zile tatu.

Twendeni Norway. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1972 nchi ile ilirefusha elimu ya lazima kutoka miaka 7 hadi miaka 9, na ilifanya hivyo manispaa moja baada ya nyingine. Kijana wa upande huu wa mto alitoka shule baada ya miaka 7, mwenzake wa ng'ambo akabakizwa. Hakuna aliyechaguliwa kwa sababu ana kichwa kizuri. Sheria tu ilifika kwao mapema. Baadaye vijana wa kiume walipoitwa jeshini, wakiwa na umri wa miaka 19 hivi, wote walipimwa akili. Christian Brinch na Taryn Galloway walipolinganisha rekodi hizo mwaka 2012 waliona kwamba kila mwaka mmoja wa nyongeza shuleni ulikuwa umepandisha kipimo cha akili kwa pointi 3.7 hivi. Mwaka 2018 Stuart Ritchie na Elliot Tucker-Drob wakakusanya tafiti za namna hiyo zilizogusa watu zaidi ya 600,000, wakapata kwamba mwaka mmoja wa masomo huongeza kati ya pointi 1 na 5, na kwamba ongezeko hilo halipotei mtu akizeeka.

Hapa ndipo swali mlilonipa linapogeuka. Tumezoea kuwaza kwamba akili iko ndani ya mtoto kama maji ndani ya mtungi, na shule ni kijiti cha kupimia kina. Kumbe shule huipima akili kwa mkono mmoja na kuijenga kwa mkono wa pili. Kwa hiyo mtoto aliyepata alama ndogo akiwa na miaka 13, kisha akawekwa kwenye darasa lenye kazi nyepesi, mwalimu asiyemtarajia makuu na njia fupi ya kutokea, atakapopimwa akiwa na miaka 30 atakutwa chini, na watu watasema, mnaona, tulijua tangu zamani. Hawatahesabu walichomfanyia katikati.

Sisi tunao mfano wetu wa nyumbani, na nashangaa jinsi usivyosimuliwa kwenye vikao vyetu. Baada ya uhuru Kenya na Tanzania zilifuata njia mbili. Tanzania ilitaka kila mtoto amalize darasa la saba, lakini shule za sekondari zikabanwa ziwe chache. Anayekumbuka miaka ile anajua wilaya nzima ilivyosubiri majina machache ya waliochaguliwa. Kenya iliacha wazazi wajenge sekondari za harambee, nazo zikaota kila mahali. Mwaka 1980 hivi watafiti, wakiwamo John Knight na Richard Sabot, waliwapima wafanyakazi wa mshahara jijini Nairobi na Dar es Salaam. Walitumia mtihani wa maumbo usiohitaji kusoma, wa kupima uwezo wa kufikiri, na mitihani mingine ya kusoma na hesabu. Kilichoamua mshahara wa mtu zaidi ya vingine kilikuwa ni kusoma na hesabu. Ule uwezo wa maumbo peke yake uliongeza kidogo. Na watu wawili waliolingana kwenye maumbo, mmoja akiwa ameishia darasa la saba na mwingine amepita sekondari, hawakulingana tena kwenye kusoma na hesabu. Yule wa pili alikuwa mbele sana.

Naomba mlifikirie hilo kwa majina ya watu mnaowajua. Kila mmoja wetu ana mjomba au shangazi ambaye ukoo mzima unakubali kwamba alikuwa na kichwa, akaishia darasa la saba kwa sababu nafasi za wilaya zilikuwa tatu. Tunasema hakubahatika. Maneno hayo ni mapole mno. Alikatiwa chombo cha kuijenga akili yake, na mlango ulifungwa kwa mtihani wa siku mbili akiwa na miaka 14.

Nije kwenye neno lenyewe, akili. Kiswahili kinasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ni methali inayotumiwa kumfariji aliyeshindwa, lakini ndani yake mna madai makubwa: kwamba akili ziko za namna nyingi na mtihani mmoja hauzimalizi. Huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake, akiwamo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wa Kijaluo wenye umri wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za miti: jani gani hutibu minyoo, gome gani ni la homa, kipimo chake ni kiasi gani. Watoto wale walizijua na kuzitumia. Kisha wakapimwa msamiati wa Kiingereza. Waliojua sana dawa walielekea kuwa chini kwenye Kiingereza. Watafiti waliona sababu kwenye familia: nyumba nyingine ilimwandaa mtoto kwa maisha ya kijijini, nyumba nyingine ilimwandaa kwa shule, na mtoto ana saa 24 tu. Waganda nao wana neno obugezi, na mtafiti Mallory Wober alipowauliza wanavijiji miaka ya 1970 mtu mwenye obugezi yukoje, walimweleza mtu mtulivu, asiyekurupuka. Mtihani wa dakika 45 unamtafuta mtu wa aina nyingine kabisa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni utafiti wa Bagamoyo. Katika vijiji vya karibu na mji ule Sternberg na wenzake waliwapima mamia ya watoto wa shule ya msingi. Wengi wao wakapewa mafunzo mafupi, chini ya saa moja, ya namna ya kuyaendea maswali: hapa unatafuta kinachofanana, hapa uliza swali litakalokata makisio nusu. Wakapimwa tena. Alama zilipanda, na zaidi ya hapo, mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ukavurugika. Baadhi ya waliokuwa nyuma walikuwa nyuma kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha mchezo unavyochezwa. Chini ya saa moja, ndugu zangu. Mimi nilikaa kwenye lile dirisha mihula miwili.

Sasa turudi Toronto, maana hapa ndipo watoto wetu walipo.

Mnajua jambo la kwanza linalomkuta mtoto aliyekuja na ndege kutoka Nairobi, Kampala au Kigoma, au aliyesoma kwenye mahema ya kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. Huwekwa darasa la umri wake. Baada ya mwaka mmoja na nusu anaongea Kiingereza uwanjani kama aliyezaliwa hapa, anatania, anabishana kuhusu timu ya Raptors. Mwalimu anamsikia, anaamini lugha imekwisha kuwa si tatizo. Kisha anaona insha yake dhaifu na somo la sayansi limemshinda, naye anatafuta sababu nyingine. Sababu iliyo karibu ni kichwa. Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto alilionyesha kosa hili tangu mwaka 1981, akitumia rekodi za wanafunzi wahamiaji wa jiji hili hili: lugha ya maongezi hupatikana kwa miaka 2 hivi, lakini lugha ya darasani, ile ya vitabu na mitihani, huchukua kati ya miaka 5 na 7 mtoto kuwafikia wenzake. Mwaka 1984 akaeleza alichokiona kwenye mafaili ya watoto zaidi ya 400 wa lugha nyingine waliopelekwa kwa wanasaikolojia wa shule katika mfumo mmoja wa shule nchini Kanada: watoto waliotangazwa kuwa na upungufu wa akili au wa kujifunza, ilhali waliokuwa nao ni upungufu wa miaka. Walihitaji muda tu.

Haya yametufikia wengi. Baba mmoja aliniambia mwanawe alipelekwa kwenye darasa la mahitaji maalumu mwaka wa pili wa kuwapo hapa. Baba akatia saini kwa sababu mtu aliyemletea fomu alitabasamu na kusema ni msaada. Nao ulikuwa msaada kwa nia. Ilimchukua miaka minne kumtoa.

Na hapo ndipo inapoingia mikondo ya masomo. Tangu mwaka 1999 mtoto wa Ontario akimaliza gredi ya 8 alichagua, au alichaguliwa, kati ya mkondo wa akademiki na mkondo wa aplaidi. Karatasi ilisema ni chaguo la familia. Lakini mzazi aliyetoka kwetu akisikia neno aplaidi, somo la vitendo, anafurahi, anadhani mtoto atakuwa injinia. Hakuna aliyemwambia kwamba mlango wa chuo kikuu uko upande wa pili, na kwamba kuvuka baadaye ni kazi ya kupanda mlima. Mwaka 2017 Carl James wa Chuo Kikuu cha York alichapisha hesabu ya bodi ya shule za umma ya Toronto: wanafunzi Weusi waliokuwa kwenye mkondo wa akademiki walikuwa asilimia 53, Wazungu asilimia 81, na watoto wa jamii nyingine zisizo za Kizungu asilimia 80. Kwenye aplaidi, Weusi asilimia 39, Wazungu asilimia 16.

Mnaweza kuniambia ni akili. Ningependa mtu anieleze akili ya namna gani hugawanyika kwa rangi ya ngozi na kubadilika fomu inapobadilika. Maana jimbo lenyewe limekiri. Septemba 2021 mkondo uliondolewa kwenye hesabu ya gredi ya 9, na Septemba 2022 kwenye masomo mengine yote ya gredi hiyo. Nashukuru, na waliopigania jambo hilo kwa miaka mingi wanastahili heshima yetu. Lakini sikilizeni vizuri, hasa wenye watoto wa miaka 14 na 15: mgawanyo wa akademiki na aplaidi bado uko gredi ya 10, na gredi ya 11 na 12 kuna kozi za chuo kikuu, za koleji na za kwenda kazini moja kwa moja. Mlango umesogezwa mbele mwaka mmoja. Haujaondolewa.

Wapo wanaosema tatizo ni mtaa. Mtoto wa Lawrence Heights, utategemea nini? Nimesikia kauli hiyo hata kwenye misikiti na makanisa yetu wenyewe. Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwa nyumba za umma, miongoni mwa za kwanza na kubwa kabisa Kanada. Barabara ya Allen ikaja kuupasua katikati, kipande kilichobaki cha barabara kuu iliyokatazwa kuendelea mwaka 1971. Leo nyumba 1,208 za umma zinabomolewa kwa awamu na kujengwa upya, pamoja na za kuuzwa kando yake, na watu wanahama na kurudi. Mtoto anayefanya kazi ya shule huku masanduku yamefungwa sebuleni ana mzigo ambao mtihani hauuoni.

Lakini mtaa hauandiki kwenye paji la uso. Philip Oreopoulos, mchumi wa Chuo Kikuu cha Toronto, alifuatilia hadi utu uzima watoto waliokulia kwenye miradi mbalimbali ya nyumba za umma jijini hapa. Familia hazikuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua mradi. Walikwenda nafasi ilikopatikana. Wengine waliangukia miradi mikubwa yenye majirani maskini, wengine midogo katikati ya mitaa ya kawaida. Mwaka 2003 alichapisha alichokikuta: tofauti ya mtaa haikuamua kipato chao cha ukubwani. Familia walimotoka ilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza niliogopa kidogo, kwa sababu unatupa sisi wazazi jukumu. Sasa naona unatupa uwezo pia.

Na lipo la pili kutoka kwa mtu huyo huyo na wenzake. Mwaka 2001 kituo cha afya cha jamii cha Regent Park kilianzisha mpango wa kuwasaidia vijana wa sekondari, Pathways to Education. Mwaka 2007 mpango ukaletwa hapa Lawrence Heights na pia Rexdale. Hauchagui vipanga. Ukiwa unakaa ndani ya mipaka na umeingia gredi ya 9, ni wako. Kuna masomo ya jioni, kuna mtu mzima anayemfuata kijana kwa jina, kuna tiketi za basi kwa anayehudhuria, na miaka ile ya mwanzo kulikuwa na akiba ya hadi dola 4,000 iliyomsubiri akiendelea na elimu baada ya sekondari. Watafiti walipowalinganisha vijana wa mpango na wa miradi mingine ya nyumba, idadi ya waliomaliza sekondari na ya waliojiunga na vyuo ilipanda sana, mahali pengine kwa zaidi ya nusu ya ilivyokuwa.

Vijana wale hawakubadilishwa vichwa. Walikuwa watoto wale wale, ghorofa zile zile, ripoti zile zile za gredi ya 8. Kilichobadilika ni kilichofanyika baada ya ripoti.

Vijana wa nyuma, sasa naongea na ninyi. Ukurasa wa kwanza wa ripoti yenu ya msingi ulikuwa na orodha ambayo wazazi wengi hawaitazami: kuwajibika, kupanga kazi, kufanya kazi mwenyewe, kushirikiana, kuanza bila kusukumwa, kujitawala. Huko hakuna asilimia. Kuna herufi tu, E, G, S na N. Wazazi, itazameni. Mwaka 2005 wanasaikolojia Angela Duckworth na Martin Seligman walionyesha kwamba kwa wanafunzi wa gredi ya 8 kujitawala kulitabiri alama za mwisho wa mwaka vizuri zaidi kuliko kipimo cha akili. Jambo hilo linafundishika nyumbani, kwa lugha yoyote, hata kwa mzazi asiyejua kusoma.

Nami nasisitiza lugha. Usiache kuongea Kiswahili na mwanao kwa kuogopa kwamba kitamharibia Kiingereza. Cummins huyo huyo ametetea maisha yake yote kwamba dhana iliyojengwa vizuri katika lugha ya mama huhamia kwenye lugha ya pili. Mtoto anayejua kueleza kwa Kiswahili kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo anakuwa na kazi moja tu iliyobaki, kupata maneno ya Kiingereza. Mtoto aliyeachwa na Kiingereza cha televisheni na Kiswahili cha "njoo, kula, lala" ana kazi mbili. Ongeeni nao mambo marefu. Wasimulieni mlivyofika hapa. Waulizeni kwa nini. Wakijibu, waulizeni tena.

Nirudi kwa yule mama wa Uvira, maana nilimwacha na kikombe mezani.

Nilimsomea yaliyoandikwa kweli, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Akamgeukia mwanawe: "Papa, hapa hawasemi juu ya akili. Wanasema unaficha kazi." Kijana akabisha kwamba hafichi, anahesabu kichwani. Mama akamwambia achukue kalamu aandike anavyohesabu. Akaandika: tatu ya nane kujumlisha moja ya nne. Jibu alilitoa papo hapo, tano ya nane, nalo ni sahihi. Alipotakiwa kueleza ile moja ya nne imekuwaje mbili ya nane, ilimchukua robo saa, akafuta, akaandika, mama akiuliza "imetoka wapi hiyo?" bila yeye mwenyewe kujua jibu.

Mwisho wa ripoti za hapa kuna kipande cha mzazi cha kutia saini na kuandika maoni, ambacho wengi wetu tunatia saini tu na kukirudisha kitupu. Mama aliniuliza kama ni ruhusa kuandika kwa Kiswahili. Nikamwambia aandike, shule itatafuta wa kuwasomea. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, akibonyeza kalamu hadi karatasi ikaacha alama upande wa pili: NIMEONA. NITAKUJA SIKU YA ALHAMISI. NAOMBA MNIONYESHE KOZI ZA GREDI YA 9 NA 10 KABLA YA MTOTO KUCHAGUA.